Piano Iliyomlilia Aliye Hai

Bibi Specioza alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, miguu kainyoosha, aliposikia wanawake wanakuja wanalia. Mtu wa Usevya hahitaji kuambiwa kilio cha msiba kikoje. Aliuweka ungo chini, akajifunga kitenge vizuri, akaanza kutafuta kandambili zake ili aungane nao huko waendako. Hakujua kwamba walikuwa wanakuja kwake.

Wa kwanza kuingia uani alikuwa Imakulata, mwenyekiti wa jumuiya, kichwani ana mzigo wa kuni na machozi yamemfika kidevuni. Nyuma yake walifuata wenzake, huyu na unga kwenye beseni, huyu na maharage, mwingine hana kitu ila sauti yake. Imakulata alitua mzigo, akainua mikono apige ukunga, akakutana macho kwa macho na marehemu.

"Nani amekufa?" Bibi Specioza aliuliza.

Ungejibu nini wewe?

"Imakulata, nakuuliza. Nani amekufa, mbona mnanitazama mimi?"

"Tumesikia kengele, bibi." Imakulata alijifuta uso kwa upande wa khanga. "Kengele ya msiba, kule kanisani. Na wewe si ulikuwa unaumwa."

Hapo inabidi tuelezane kidogo. Kanisa la kigango kile zamani lilikuwa na rimu ya lori, imening'inizwa kwenye mti, inagongwa kwa nondo. Siku walipopita wanunuzi wa vyuma chakavu, rimu ikapita nao. Tangu hapo katekista anatumia kengele ya kurekodi: anachomeka flashi, na tarumbeta la kipaza sauti lililofungwa juu ya paa linaita kijiji kizima. Kengele ya misa inakimbia. Ya msiba inapiga mara moja, inanyamaza mpaka uanze kufikiri imekwisha, halafu inapiga tena. Mtu akiwa shambani anavuna mpunga akasikia sauti nzito ya namna hiyo inatoka juu ya paa la kanisa, haulizi. Anaacha mundu pale pale. Na kwa kuwa wote walijua ni nani anayesumbuliwa na presha, walijua pia nyumba ya kwenda.

Tabu ni kwamba kitu cha msiba hakirudi kilikotoka. Kuni zikishatoka kwako kwenda kwa wafiwa, ukizirudisha jikoni umeuita msiba ukufuate. Wale akina mama walisimama wakatazamana, wakaanza kutua mizigo yao uani mmoja baada ya mwingine, wakaondoka bila kuaga vizuri. Mmoja alisema "pole, bibi," akajuta kabla hajamaliza. Bibi Specioza akabaki na lundo la matanga yake mwenyewe.

Imakulata peke yake hakuondoka. Alitaka kujua.

*

Kalisti, mtoto wa kiume wa pekee wa Bibi Specioza, alirudi kutoka kanisani anacheka. Yeye ndiye mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda wa kigango. Alikuwa na Danford, kijana wa Mpanda mjini anayepiga gitaa la besi, aliyekuja na flashi mfukoni. Ndani yake mlikuwa na albamu yao. Walikuwa wameirekodi mjini kwenye ukumbi mmoja wenye piano ya zamani iliyoachwa na mapadri: Kalisti kwenye piano, Danford kwenye besi, na Libérat wa Katumba kwenye ngoma. Leo waliipeleka kanisani kwa sababu spika za kanisa ndizo pekee kijijini zinazotoa besi ikasikika tumboni. Swichi ya tarumbeta la juu hawakukumbuka kuizima. Walikaa kwenye benchi la mbele wamefumba macho, wanasikiliza kazi yao wenyewe, na kijiji kinakimbia.

Theopista, mke wa Kalisti, alifika uani karibu wakati mmoja nao. Alikuwa peku, matope ya jaruba mpaka magotini.

"Nimelia njia nzima, Kalisti," alisema. "Nimeanguka mara sijui ngapi. Nafika namkuta mama amekaa. Ni nini mmefanya huko?"

Ilichukua muda kueleweka. Kalisti alipoelewa, cheko lilimtoka usoni, akaenda kupiga goti mbele ya mama yake.

"Mama, nisamehe. Ni albamu yetu ile. Jazi. Inaanza na piano taratibu, hawa wakadhani ni kengele."

"Jazi naijua," alisema Bibi Specioza. "Nimeicheza jazi na baba yako, pale Mpanda, kabla hujazaliwa. Jazi ina magitaa na watu wanaimba. Hii imepiga msiba."

"Hii ni jazi ya namna nyingine, mama. Piano, besi na ngoma basi. Haiimbwi."

"Haiimbwi?" Imakulata alisogea. "Albamu haina maneno?"

"Haina, mama mwenyekiti."

"Na huo wimbo wenye kengele unaitwaje?"

Kalisti alifungua mdomo, lakini Danford alimtangulia. Vijana wa mjini wamejaliwa mengi, ila kusoma uso wa mtu hawakujaliwa. "Unaitwa *Specioza*," alisema kwa fahari. "Ndio wa kwanza kabisa."

Bibi Specioza aliurudia ungo wake, akaendelea kuchambua mchele. Alikuwa anatupa mchele na kuacha mawe.

*

Maneno hayana miguu, ila kule kwetu yanafika Kasansa kabla ya pikipiki. Mtu wa kwanza alisema Kalisti amekosea swichi. Wa pili alisema, mwalimu mzima wa kwaya, anakoseaje swichi? Wa tatu akauliza kwa nini ametumia jina la mama yake, majina yameisha? Ilipofika kwa wa nne, neno lilikuwa limeshatamkwa: ndagu. Nani asiyeijua ndagu? Ile dawa ya kutafutia utajiri, ambayo haikubali kuku wala mbuzi, inataka mtu wako wa damu ili mambo yako yanyooke. Na wanamuziki, walisema, wote wanapita humo humo. Mbona redio ya mjini imeshaahidi kuipiga hiyo albamu Jumapili? Mbona inawekwa mtandaoni ifike Ulaya? Mkulima wa mpunga, piano ameijulia wapi?

Ameijulia kwenye simu, usiku na mchana, miaka na miaka, kwa kuwatazama Wazungu na Waafrika wa Amerika wakipiga, halafu anakwenda kujaribu kwenye kinanda cha kanisa. Kila mtu alikuwa amemwona akifanya hivyo. Lakini mtu akishakuwa na shaka, macho yake mwenyewe hayaamini tena.

Kwaya haikuja mazoezini. Waliotuma udhuru walitumia udhuru mmoja, mavuno. Kisimani Theopista alikuta mazungumzo yamekatika ghafla na watu wanasifia maji. Jumuiya ilikuwa isali kwao juma lile. Ikahamishiwa kwa jirani, na aliyeambiwa awape taarifa akasahau. Kuhusu lile lundo la uani, mwishowe alikuja mtani wa ukoo, maana mtani ndiye anayeruhusiwa kugusa vitu kama hivyo. Alivipakia vyote kwenye mkokoteni huku akimtukana bibi kwa kuwasumbua watu halafu kukataa kufa. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na siku zote Bibi Specioza alikuwa akimjibu kwa matusi makubwa zaidi. Safari hii alimtazama tu, na hapo Theopista akajua mambo ni makubwa.

Kubwa zaidi aliliona yeye mwenyewe. Alirudi mapema kutoka shambani, akamkuta mkwewe nyuma ya nyumba amepanga mafiga matatu, anajipikia uji kwenye sufuria ndogo. Unga alikuwa ameutoa kwa jirani. Ugali alioandaliwa asubuhi ulikuwa mzima, umefunikwa, na kuku walikuwa wameanza kuuzunguka.

"Mama, unapika nini na chakula kipo?"

"Tumbo, mwanangu. Halitaki vitu vizito."

"Ungeniambia nikupikie uji."

"Unachoka na shamba."

Theopista alisimama pale na jembe begani. Nyumba hiyo aliingia akiwa binti mdogo, na huyu mama ndiye aliyemfundisha kusonga ugali usiwe na madonge. Mtoto wake wa kwanza, Evaline, huyu ndiye aliyempokea alipozaliwa. Aibu iliyompata pale, angetukanwa sokoni asingeipata. Alijua kabisa kwamba tumbo halina kosa.

Usiku ule alimwambia mumewe maneno machache. "Mama yako hali tena kwetu. Anaogopa sufuria yangu." Kalisti akageukia ukutani.

*

Scolastica alipanda basi kutoka Ikola na gunia la dagaa na hasira. Ni dada yake Kalisti, wa kwanza kuzaliwa, ameolewa ziwani, na kwa kuanika na kuuza dagaa amejizoesha kusema kwa sauti. Hakunywa hata maji.

"Nimekuja kumchukua mama," alisema. "Nimeambiwa anajipikia nje kama mpangaji."

"Umeambiwa na nani?" Theopista aliuliza.

"Wewe unataka kujua nani kaniambia, hutaki kujua kwa nini mama hali."

Ilibidi wakae kikao. Waliitwa katekista na Imakulata, ili lisemwalo lisemwe mbele ya watu. Danford naye alikuja kutoka mjini kwa bodaboda, kwa sababu Kalisti alimwomba aje aeleze. Bibi Specioza aliwekewa kiti, akakikataa, akakaa kwenye mkeka wake karibu na mlango.

"Tuusikie huo wimbo," katekista alisema.

Danford aliupiga kwenye simu, sauti ndogo. Mkono wa kushoto wa Kalisti ulianguka mara moja, chini kabisa kwenye piano. Kimya. Ukaanguka tena. Hata kwenye simu ile, Imakulata alifanya ishara ya msalaba bila kukusudia. Halafu besi ikaingia kwa kunyata, ngoma za Libérat zikifagiwa kwa brashi badala ya kupigwa, na piano ikaanza kupanda juu na kushuka, inauliza, inajijibu, inabadili mawazo. Walisikiliza mpaka mwisho, kila mmoja anasubiri mtu aanze kuimba.

"Maneno yako wapi?" Scolastica aliuliza.

"Hakuna maneno, dada," alisema Danford. "Jazi ya piano ndivyo ilivyo. Kila mtu anajisikilizia mwenyewe."

"Kwa hiyo hata wewe hujui inasema nini."

"Haisemi kitu. Ni hisia tu."

"Mtu asiye na la kuficha anaimba," alisema Scolastica. "Kwaya zote zinaimba. Bongo Flava wanaimba, hata upuuzi wanauimba, lakini tunausikia. Nyie mmepiga kengele ya mama yangu, mmeweka jina lake, halafu maneno mmeyaondoa."

"Na ikishawekwa huko mtandaoni," Imakulata aliongeza, kwa upole wa mtu anayetaka kusaidia, "watu wangapi watakuwa wanampigia bibi kengele? Kila anayebonyeza, anapiga."

Kalisti alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Alikiinua. "Naufuta," alisema. "Kama ni hilo tu, naufuta. Danford, utoe. Albamu ianze na ule wa pili."

Danford alishtuka. "Kaka, ule ndio albamu yenyewe."

"Utoe."

"Usiutoe." Aliyesema alikuwa Theopista, na alikuwa amesimama. "Ukiutoa leo, kesho watasema ulikuwa na dawa ndio maana umeutoa. Watasema nimekushauri mimi. Nitaishi na nani hapa?"

"Na akiuacha watasema nini?" Scolastica alimuuliza.

Theopista akakaa. Katekista alikohoa. Katekista yeyote mwenye akili anajua wakati wa kukohoa. Ndipo Bibi Specioza aliposema kutoka mlangoni, "Tokeni nje wote. Nataka mtoto wangu."

*

Walipobaki wawili hakumwambia asogee. Kalisti alikaa chini mwenyewe, mbali kidogo.

"Ulitunga lini?" mama yake aliuliza.

"Mwaka jana."

"Mwaka jana wakati gani?"

Kalisti aliona swali linakoelekea, na hakuona njia ya kulizuia. "Ulipolazwa Mpanda."

"Nimelala pale kitandani."

"Nilikuwa kwenye benchi, nje ya wodi. Daktari alisema tusubiri. Scola alikuwa bado yuko njiani. Nikawa nawaza itakavyokuwa, nani atampigia simu katekista, kengele itasikika mpaka wapi. Nikawa naisikia. Sikuitafuta, mama. Ilikuja, na vidole vikawa vinatembea juu ya goti."

"Na mimi kwenye huo wimbo nilikuwa wapi?"

Angeweza kudanganya. Mtu yeyote mwenye huruma angedanganya, na Mungu asingemwandikia dhambi. Lakini Kalisti alikuwa ameulizwa na mama yake, na tangu utotoni hakuwahi kumdanganya akafanikiwa.

"Ulikuwa umeshaondoka," alisema.

Nje Scolastica alikuwa anasikika akimweleza mtu habari za bei ya dagaa.

"Halafu nikapona."

"Ukapona. Nilimshukuru Mungu, mama. Nililia kwa furaha, Theopista aliniona."

"Ila wimbo hukuuacha."

"Sikuuacha."

"Kwa nini, baba?"

Kalisti alitazama mikono yake. "Kwa sababu ni mzuri," alisema. "Sijawahi kutunga mwingine kama ule, na sidhani kama nitatunga."

Bibi Specioza alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwumiza Kalisti. Mama yake alikuwa anamtazama kwa makini, macho yakipita usoni na mabegani kwake, bila haraka.

"Usiufute," alisema mwishowe. "Ukiufuta watajua."

"Watajua nini?"

"Hiki ulichoniambia."

Alimpa mkono amnyanyue. Walitoka pamoja, na pale barazani Bibi Specioza akasema kwa sauti ambayo hata majirani waliojifanya wanapita waliisikia. Alisema haendi Ikola, maji ya ziwa yanamtia baridi. Alisema mtoto wake amemwimbia angali na masikio, na kama kuna mwenye mtoto aliyemfanyia hivyo amlete naye tumsikie. Asiyependa kengele akanunue rimu. Imakulata alicheka, katekista akacheka, na Scolastica, ambaye alikuja kwa vita, akajikuta anafuta machozi kwa kiganja. Kikao kiliishia hapo. Watu wakaagana vizuri, wengine wakisema walijua tangu mwanzo.

Danford alipanda bodaboda yake na albamu nzima. Mpaka leo ipo, ukitaka kuisikiliza utaipata, na wimbo wa kwanza ni ule ule.

*

Jioni hiyo Theopista alipika kama anapika sikukuu. Alichinja jogoo, akasonga ugali mweupe, akatandika mkeka uani wakati jua bado lipo. Kalisti hakula barazani kama kawaida yake, alikuja kukaa na wanawake, na Scolastica, ambaye angelala pale usiku ule, akamsogelea mama yake upande wa pili. Evaline aliwamiminia maji ya kunawa. Theopista alikuwa na furaha ya wazi kabisa. Mafiga ya nyuma ya nyumba alikuwa amekwisha kuyang'oa kwa mikono yake.

Mezani kwa watu wa kule, mkubwa ndiye anayetangulia kumega. Wadogo wanasubiri hata kama njaa inawauma. Kilabuni ndiko kuna utaratibu mwingine: ukimkaribisha pombe mtu asiyekujua, unakunywa wewe kwanza mbele ya macho yake, ili aone kwamba hakuna kitu ndani, ndipo unampa. Hilo ni la kilabuni, kwa wageni. Nyumbani halifanywi.

Bibi Specioza alinawa, akasali, akaupeleka mkono wake kwenye ugali. Wote walikuwa wanautazama mkono huo na kila mmoja anajifanya hautazami. Ulifika, ukasimama juu ya ugali, mvuke ukiupanda vidoleni. Haukumega. Ulirudi polepole mpaka kwenye paja lake, ukatulia.

"Anza wewe, baba," alimwambia Kalisti.

Alisema kwa upole, kwa sauti ile ya kumbembelezea mtoto. Scolastica aliinamisha macho. Theopista alibaki na bakuli la mchuzi mkononi, hajui aliweke wapi.

Kalisti alimega kutoka upande wa mama yake, akachovya, akatafuna. Mama yake alikuwa anamtazama kooni. Alisubiri mpaka ameze, akasubiri kidogo tena, halafu naye akaanza kula.